Mbuzi wa Satelite

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kikwembe cha mama na viatu vya dada yangu, na vyote vilinibana. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la chumvi na vitenge, pale Masisi-centre. Juu ya bati ilisimama sahani kubwa nyeupe ikitazama angani, na chini yake watu wa soko walibishana kama ilikuwa ya kufukuza mvua au ya kukaangia nyama ya harusi. Niliwapita nikijifanya najua. Sikujua chochote.

Mwenye duka ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alikuwa mtu wa Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa ya asubuhi, na mlangoni alikuwa ameandika PDG, yaani président-directeur général, ingawa kampuni nzima siku hiyo ilikuwa yeye, mimi na fundi mmoja kijana aitwaye Kambale. Kampuni iliitwa Alo Milima. PDG hakuniuliza diplome, cheti cha shule. Aliniuliza tu kama ni kweli nilikuwa nimefanya kazi kwenye foni ya parokia, nikasema ndiyo.

Ninyi mliozaliwa na simu mkononi hamuijui foni. Ilikuwa redio ya kuongelea. Ukitaka habari za ndugu yako wa Goma, ulibonyeza kitufe, ukapiga kelele, ukamaliza kwa kusema “à toi”, maana yake zamu yako, kisha ukaachia kitufe mwenzako ajibu. Na kila mwenye foni kutoka Masisi mpaka Walikale alikuwa anakusikia. Mtu akikimbiwa na mke, mlima mzima ulijua kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani.

“Huku kwetu muntu ataongea na muntu wake tu,” PDG aliniambia. “Kazi yako haiko kusikia, binti. Kazi yako njo kufunga mulango.”

Kazi ilikuwa hivi. Ile sahani, ambayo sisi tuliiita parabole, ilirusha sauti hadi kwenye satelite iliyo mbali sana juu, nayo ikairudisha chini kwenye internet, na kutoka hapo sauti ikaenda Kampala, Bruseli au popote pale. Kijisanduku chenye taa za kijani, modem, ndicho kilichogeuza sauti kuwa kitu cha kusafiri. Mteja aliingia katika kabini ya mbao, mimi nikampigia namba, nikafunga mlango. Tatizo lilikuwa moja: sauti ilichelewa. Ulisema neno, ukameza mate, ukajikuna, ndipo jibu likafika. Wateja wengi walitoka kabini wakiwa na hakika kwamba ndugu zao wa Ulaya wamekuwa na kiburi.

Tulikua upesi, kwa sababu vita ilikuwa imewatawanya watu na kila nyumba ilikuwa na mtu wa kutafuta. PDG alifungua posti ya pili Nyamitaba, akanituma huko kuwa chef de poste, yaani mkuu wa posti, cheo ambacho mama yangu alikitangaza kanisani. Nyamitaba tulipigana na ng'ombe. Parabole ilikuwa imewekwa kwenye mti karibu na malisho, na ng'ombe walipenda kujikunia pale. Ng'ombe mmoja akijikuna sawasawa, parabole inasogea kidogo, satelite inapotea, na mama aliyekuwa akiongea na mwanawe anatoka kabini kunililia mimi. Ilibidi Kambale apande kutoka Masisi kila mara kuirekebisha. Baadaye niligundua kwamba alikuwa akija hata siku ambazo ng'ombe hawakujikuna.

Maneno juu ya kampuni nayo yalikua. Wenye kampuni kubwa za simu za mjini walisema tunawaiba wateja, nasi hata mnara wao hatukuwahi kuuona kwenye milima yetu. Serikali ilitaka ruhusa yake, wenye bunduki nao wakataka ruhusa yao. PDG alibeba karatasi mbili, moja mfuko wa kushoto na nyingine mfuko wa kulia, na kabla ya kila kizuizi barabarani alijigusa kifua kama anayefanya ishara ya msalaba, akikumbuka mfuko upi ni wa nani. Hakukosea hata mara moja, nami namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Kutoka Nyamitaba nilipelekwa Buleusa, upande wa Walikale. Wazazi wangu walikuwa wamefukuzwa na vita kwenye shamba letu la Bihambwe, wakanifuata huko. Kambale alikuja kusimika parabole, akakaa kuliko kazi ilivyodai, na alipoondoka alikuwa amekwisha kuzungumza na baba. Baba alimjibu kwamba kijana mzuri hujulikana kwa wazee wake, basi awalete. Kambale akarudi Butembo kuwachukua. Wiki hiyohiyo barabara ikakatika.

Buleusa wakati ule ilikuwa mikononi mwa komanda mmoja, mtu mpole wa sauti na mgumu wa kichwa. Foni ilikuwa haimsumbui, kwa sababu aliisikia yote. Kabini ndiyo iliyomnyima usingizi. Alikuja, akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akaniuliza watu wanasema nini humo ndani. Nikamjibu kweli tupu, kwamba sijui. Alisema atakaa asikilize mazungumzo, la sivyo posti ifungwe na sahani ishushwe. Nilimpigia PDG, naye akasema mlango ni wa mteja. Mteja akikubali mwenyewe kuuacha wazi, sawa, lakini asilazimishwe. Komanda alikubali kungoja mteja wa namna hiyo mpaka Jumapili. Siku zikapita, hakuna aliyejitokeza. Nani angependa komanda asikie anavyomwomba shemeji yake suruali?

Niliona kazi yangu inakwisha, na pamoja nayo waya pekee uliokuwa unaniunganisha na Kambale. Nilimweleza baba nikilia. Baba alichukua kofia yake, akaenda kwa komanda.

“Mambo ya mahari haina siri,” alimwambia. “Bazee ba Butembo hawawezi kufika, basi tutaongea nabo mu simu, mulango wazi. Mwenye kuwa na masikio, akuye kusikia.”

Jumapili baada ya misa kiwanja cha posti kilijaa. Wanakwaya walileta haut-parleur yao, nikaifunga kwenye modem ili kila mtu asikie. Komanda alikaa kwenye benchi la mbele na walinzi wake. Baba mdogo wangu, msemaji wa familia, alivaa koti zito kwenye jua kali. Nilipiga namba, nikasikia Butembo imeitika, na hapohapo shangazi akanishika mkono kunipeleka jikoni. Kwetu bibi-arusi hakai mahali anapozungumziwa, wala hafungui kinywa. Najua kwamba upande wa pili Kambale naye alikuwa amewekwa kando, mdomo umefungwa. Kwa hiyo watu wawili pekee waliojua kwamba sauti inachelewa hawakuruhusiwa kusema.

Jiko na kabini vilitenganishwa na mbao tu, nikasikia yote. Msemaji wa Butembo, babu mmoja wa kina Kambale, alisalimia vizuri, akataja ng'ombe na mbuzi walioandaliwa. Baba mdogo akajibu asante, tumepokea. Lakini jibu lake lilikuwa bado linapanda angani. Kule Butembo walisikia kimya, na kimya cha wakwe katika mahari kina maana moja tu.

“Basi, tunaongeza mbuzi,” babu akasema.

Baba mdogo alishangaa, akanyamaza. Kule wakaongeza mwingine. Ile asante ya kwanza ilifika katikati ya maneno yao, modem ikazimeza sauti zote mbili. Wakaongeza tena. Baba mdogo hakuwa mjinga. Alikuwa ameanza kuelewa kwamba kunyamaza kunalipa, akakunja mikono juu ya koti lake, akatazama milima. Kiwanja kikanong'ona. Mimi jikoni nilikuwa nauma kikwembe, shangazi amenishika.

Kisha sauti ya babu ikabadilika. Alisema wao ni watu wa heshima, wameongeza na kuongeza, nasi tunawanyamazia kama mbwa mlangoni. Kama hatuwataki tuseme, wakate simu, kijana wao atafute pengine. Nikasikia viti vinasogezwa kule Butembo.

Sikumbuki nilivyomponyoka shangazi. Nakumbuka mkonga wa simu mkononi mwangu na macho ya baba.

“Ba papa, musikate,” nilisema. “Ule kunyamaza haiko ya kwetu, iko ya satelite. Sauti inapanda kule juu, njo inarudia. Muntu akimaliza aseme à toi, kama mu foni, halafu angojee. À toi.”

Kimya kikaja. Mimi niliyetoka kuwaambia wangoje, mwenyewe sikujua kungoja. Ilikuwa satelite, au ilikuwa aibu niliyoileta? Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa risasi, na ninasema hivyo nikiwa nimezisikia.

“Ule mwenye kuongea ni nani?” haut-parleur iliuliza. “À toi.”

“Njo mimi bibi-arusi, Papa. À toi.”

Kimya tena, kirefu zaidi.

“Tulikuwa natafuta bibi ya kijana wetu,” babu akasema. “Naona tumepata na musemaji. À toi.”

Kiwanja kilicheka hadi komanda akavua kofia kujifuta machozi. Alisimama, akaitazama ile sahani, akaitazama kabini. “Adui akipitisha siri yake humu, vita itaisha kabla bamujibu,” alisema, kisha akawaambia walinzi watuachie mlango wetu. Hakutusumbua tena.

Palepale kwenye simu baba aliwarudishia watu wa Butembo mbuzi wote walioongezwa kimyakimya, huku baba mdogo akiugua kama mtu wa malaria. Babu alikataa kurudishiwa mmoja. Barabara ilipofunguka mbuzi huyo alifika kwa miguu pamoja na Kambale, kila mtu akimwita mbuzi wa satelite, tukamla palepale mbele ya kabini. PDG alipopata habari aliagiza “à toi” ifundishwe katika posti zote, na malalamiko juu ya ndugu wenye kiburi yakapungua sana.

Nilifanya kazi hiyo mpaka minara ya simu za mkononi ilipoota juu ya milima na wateja wakaacha kupiga foleni. PDG hakulalamika. Alifunga kabini moja baada ya nyingine, akarudi kwenye chumvi yake na vitenge vyake, akatuaga kwa misa na chakula. Parabole ya Buleusa iko kwangu, nyuma ya nyumba, ninaanikia maharagwe. Kwa hiyo wale waliosema ni ya mambo ya jikoni hawakukosea, walitangulia tu.

Wajukuu wangu wanaongea na dunia nzima wakitembea, sauti inafika hapohapo, na wanakatana maneno kabla mmoja hajamaliza. Nafurahi kwa ajili yao. Ila katika kazi yangu yote nilichokijua vizuri ni kwamba mtu akinyamaza, mara nyingi jibu lake liko njiani, na wengi huondoka kabla halijafika.

Hata nyumbani tumezoea hivyo. Nikimkasirikia Kambale namnyamazia, yeye anaweka kikombe chake chini, ananitazama, anauliza, “Ni satelite, ao ni weye? À toi.” Namwacha angoje kidogo, kisha namjibu.