Sakafu Chini ya Mkeka wa Samia

Samia Shamte alilelewa Kiranjeranje, kwenye nyumba ambayo mgeni hakalishwi chini patupu, hata kama amekuja kwa shari. Adabu hiyo alihama nayo mpaka Kilwa Masoko alipokuja kukaanga pweza sokoni, na adabu hiyohiyo ndiyo iliyomponza.

Alikaa chumba na ukumbi katika nyumba ya ushirika, ile ndefu ambayo wanachama waliijenga wenyewe kwa kuchangishana. Kila mlango hutoa mchango wa ukarabati kila mwezi, na Samia hakuwahi kuchelewesha wake. Lakini sakafu yake ilikuwa aibu tupu. Saruji ya zamani ilibanduka ikaacha mashimo, kokoto zikabaki nje, zimetoa makali.

Mtu mwenye miguu angeruka mashimo akaendelea na maisha. Mama yake Samia, Bi Somoe, miguu ilikuwa imemkataa. Alisota. Kutoka kitandani hadi mlangoni alisota, kwenda kutawadha alisota, na kokoto zikamchuna mapaja na viganja. Kidonda kimoja kikifunga, kingine kinafunguka. Muuguzi alisema wazi kwamba vidonda havitapona mpaka aache kusota, au sakafu ibadilishwe. Aache kusota atembee kwa nini, kwa mabawa?

Samia akaenda kwenye kamati ya ushirika. Mwenyekiti, Bwana Ibrahimu, mtu wa kanzu nyeupe na maneno laini, akaahidi kuja kukagua, na kweli akaja na katibu wake, Optatus. Basi Samia akafanya nini? Akafagia, akafukiza udi, akatandika mkeka wa ukindu aliousuka mama yake mwenyewe, mpana, unaofunika ukumbi ukuta hadi ukuta. Wageni wakavua viatu, wakakaa, wakanywa chai ya tangawizi, wakausifu mkeka. Bwana Ibrahimu akapapasa chini kwa kiganja.

"Mbona bado inavumilia, Bi Samia? Wapo wenye hali mbaya kuliko hii."

Samia alitaka kuunyanyua mkeka pale pale. Lakini utamwinuaje mgeni aliyeshika kikombe? Na vidonda angevionyeshaje? Mapaja ya mama mtu si kitu cha kuwafunulia wanaume. Wakaaga, wakaenda zao.

Wakaja tena safari nyingine, na nyingine tena, na kila wakija mkeka uko chini kabla hawajamaliza kupiga hodi. Halafu siku moja jirani yake, Veronika, akaingia akihema.

"Dada Samia, fedha ya ukarabati imetoka. Wameweka vigae ofisini. Vinang'aa, mtu unajiona uso!"

Ofisini! Mahali ambapo watu hukaa vitini na viatu vyao miguuni! Samia aliona moto kifuani. Michango yake yote ya miezi yote imekwenda kulala chini ya meza ya katibu, na mama yake anachunika.

Bi Somoe alikuwa kwenye ukumbi, anasuka. Akauweka ukili chini.

"Mwanangu, wanaofichiwa aibu yao ni wao, na anayewafichia ni mimi. Wakija tena, kunja mkeka wangu."

"Mama! Watu wazima wakae patupu? Watasema sina malezi."

"Malezi nilikupa mimi. Leo nakupa ruhusa."

Kesho yake Samia alimkabili Bwana Ibrahimu katikati ya soko, akamwita, kwa sauti iliyowageuza shingo wanunuzi, aje kukagua. Hakuweza kukataa mbele za watu. Alikuja Ijumaa baada ya swala, kanzu imepigwa pasi, Optatus nyuma yake. Wakavua viatu kwa mazoea. Nyayo zao zikakanyaga kokoto, wakabaki wamesimama.

"Karibuni kitako," alisema Samia.

"Leo hata mkeka hakuna, Bi Samia?" aliuliza Bwana Ibrahimu.

"Upo. Ule pale, umeegemea ukuta. Mmekuja kukagua mkeka au sakafu?"

Bwana Ibrahimu akafungua mdomo ajibu, ndipo Bi Somoe akatokea chumbani akisota kuja kuwalaki. Sauti ya kanga ikikwaruza kokoto ilijaza ukumbi. Mtu hasimami juu ya kichwa cha mama mzee aliyekaa chini. Hiyo nayo ni adabu, na Bwana Ibrahimu alilelewa nayo. Akakaa.

"Shikamoo, mama. Usijisumbue, ishia hapo hapo."

"Marahaba, baba. Kila siku nasota hivi. Nisubiri tu."

Walimsubiri. Alichukua muda wake wote. Bwana Ibrahimu akajisogeza huku, akajisogeza kule, mwishowe kokoto ikashika kanzu, ikachanika nyuma kwa mlio ambao kila mtu aliusikia.

"Fedha ya vigae imekwisha," alisema, akiushika mpasuko kwa mkono.

"Nani kakuomba vigae? Nataka saruji na mchanga, na niru, ule uji wa saruji tupu, juu iwe laini. Kubomoa tutabomoa wenyewe."

Bwana Ibrahimu akakubali kwa kichwa. Wakabomoa, Samia na Veronika, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Fundi aliyeletwa na kamati akamwaga saruji, akaisugua kwa niru. Ilipokauka vizuri, Bi Somoe akaingia akisota, taratibu kwanza, halafu haraka, mpaka ukutani, akageuka akarudi. Alitazama viganja vyake, huku na huku, na Samia akalia.

Bwana Ibrahimu naye alikwenda kusema mjini kwamba binti Shamte hana malezi, huwakalisha wageni chini kama kuku. Maneno yakamfikia Samia sokoni. Yalimuuma, na hasira ikampanda hata akaunguza pweza.

Mwezi uliofuata mwenyekiti alikuja kwa Veronika, kukagua sakafu yake. Kila mlango wa nyumba ile ulikuwa wazi, na nje ya kila mlango palisimama mkeka uliokunjwa. Bwana Ibrahimu alipita katikati ya mikeka hiyo, kanzu ameishikilia kwa mikono miwili.