Ng'ombe Mwenye Aibu

Mwezi uliopita nilinunua friji kuukuu hapa Nairobi. Muuzaji aliniapia kwa mama yake mzazi kwamba halina shida yoyote, ni vile tu mwenyewe anahama. Tulipolifikisha nyumbani likanguruma kidogo kama mzee mwenye pumu, kisha likanyamaza hadi leo. Mume wangu alikasirika sana. Mimi nilikaa jikoni nikimkumbuka nyanya yangu, ambaye hangekuuzia hata sufuria bila kwanza kukuonyesha mahali ilipotoboka. Jumamosi ile nikafunga safari hadi kwetu Kimulot, na sina sababu nyingine ya kukupa, rafiki yangu, ila hiyo ya friji.

Kama hujafika kwetu, ujue kwamba ni chai kila upande, imekatwa juu ikawa sawa kama meza, hata mtu akipita katikati yake unaona kiuno kwenda juu tu. Jioni ukungu hushuka kutoka msitu wa Mau, na hapo kiuno nacho hupotea ukabaki unaona vichwa vinavyoelea. Tulipokuwa watoto tulicheka vichwa hivyo mchana na kuviogopa jioni.

Nyumba yetu ndiyo pekee iliyokuwa ya Waislamu pale. Babu alikuja zamani akinunua ngozi za ng'ombe, akaipenda ardhi, akabaki, akapanda chai kidogo kama majirani. Nyanya alikuwa binti wa mwenye duka katika mji wa Kericho, na alikuja na duka lake kichwani, maana babu alipotoboa dirisha kwenye ukuta wa jikoni yeye aliuzia hapo sukari, chumvi, mafuta ya taa na maziwa. Baba yake alikuwa amemfundisha neno moja la biashara, naye akalishika kama sala: taja aibu kabla ya bei. Kwa watu wa msikitini wa zamani zile, aibu haikuwa haya peke yake. Aibu ilikuwa kasoro ya kitu kinachouzwa, na mwenye kuificha amekula haramu, basi. Sukari ikinyonya unyevu, alisema. Akipima maziwa, kikombe kilifurika hadi kikalowesha kidole cha mnunuzi.

Jirani yetu, mama wa Kisii aliyekuja na mumewe kuchuma chai kwenye shamba kubwa la ng'ambo, alikuwa akimtania kila siku. "Mama, wewe unauza ama unafukuza watu?" Nyanya alicheka tu. Biashara haigombi.

Babu alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye paji jeupe, na hakuna aliyeruhusiwa kumkamua ila yeye. Alikuwa akipiga mluzi wakati wa kukamua, mrefu wa chini, kisha mfupi wa juu, na ng'ombe alishusha maziwa kwa sauti ile. Harufu ya jioni za utoto wangu ni hiyo: mavi ya ng'ombe, moshi wa kuni mbichi, na maziwa ya moto yanayogonga ndoo.

Babu alikufa msimu wa mvua nyingi. Walimpeleka Kericho, kwenye makaburi ya Waislamu, kwa hivyo hata kaburi lake halikuwa karibu nasi. Siku zilizofuata ng'ombe alikauka. Nyanya alimkamua, baba akamkamua, jirani akamkanda kiwele kwa maji ya moto na kumwimbia wimbo wa kwao. Hakutoa kitu. Kisha jioni moja, nikiwa nimemshika ndama kamba, ng'ombe aligeuza masikio yote mawili kuelekea chai ya chini, upande usio na njia. Vyura walinyamaza. Halafu mluzi ukaja kutoka ndani ya ukungu, mrefu wa chini, kisha mfupi wa juu.

Maziwa yalishuka hadi yakadondoka yenyewe. Nilimtazama nyanya. Hakugeuka. Alisema "Bismillahi" kwa sauti ya kawaida, akavuta kigoda, akaanza kukamua.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Jioni mluzi ukija, tulikuwa na maziwa. Usipokuja, ndoo ilirudi kavu. Baba alienda mara kadhaa na tochi na panga, akarudi na suruali iliyolowa umande, hajaona mtu. Nilimuuliza nyanya kama yule ni babu. Aliniambia wafu hawarudi, na niende nikanawe miguu. Lakini nilianza kuona kwamba kabla ya kukamua anabadilisha leso, anafunga ile nzuri ya zambarau, na kwamba amejipaka mafuta usoni.

Na maziwa yale, usifikiri aliyauza kimyakimya. Alimwendea mwenye hoteli ya sokoni, mnunuzi wake, akamwambia kinaganaga yalivyopatikana. Yule bwana akasema wateja wake wanauliza kama chai iko na sukari, hawaulizi ya mluzi.

Shida ilikuja kwa njia ya mirathi. Ng'ombe hakuwa wa nyanya. Alikuwa mali ya marehemu, na ndani yake kulikuwa na haki ya baba yangu, na ya shangazi yangu aliyekuwa mjane mjini Kericho na watoto wake wadogo. Nyanya mwenyewe alikuwa na thumuni, sehemu moja kati ya nane. "Thumuni yangu labda ni masikio," alisema, na ilikuwa mzaha, ila hakucheka.

Baba alisema yeye amesamehe sehemu yake, na shangazi naye hajadai. Nyanya akajibu kwamba kunyamaza si kusamehe. Alimjua binti yake, alijua watoto wanalala na uji, na alijua kwamba hatadai kamwe kwa sababu anajua mama anampenda ng'ombe yule. Baba akapendekeza mkopo, amlipe dada yake sehemu yake halafu ng'ombe abaki. Riba yake ni kidogo, alisema.

"Moto nao huanza kidogo," nyanya akasema. "Nitamuuza."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilikuwa nauogopa mluzi kuliko kitu chochote duniani, lakini nilipofikiria ng'ombe akiondoka nilihisi kama anauzwa mtu wa nyumbani.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mchuuzi wa mifugo kutoka Roret. Nyanya alimweleza kila kitu, mluzi, ukungu, ndoo kavu. Yule mtu alisikiliza kwa heshima, akamaliza chai yake, akaondoka akitembea upesi, na habari ikaenea hadi sokoni, na watu wakawa wanautazama ukuta wetu kwa woga wanapopita. Jirani alishika kichwa. "Kizuri chajiuza, Mama, kibaya chajitembeza. Wewe hiki chako unakikatia miguu. Nani alikuuliza maneno ya mluzi?"

"Hakuuliza, ndiyo maana nikamwambia."

Ndipo akaja mzee mmoja mkulima kutoka Boito, mtu mpole, kofia mkononi. Alimzunguka ng'ombe, akampapasa kiwele, akaridhika. Nyanya alikuwa ameketi kwenye kigoda. Siku hiyo hakueleza sana. Sijui kama alichoka, au alidhani habari imeshafika Boito na yule amekuja akijua, au moyo wake ulimwambia lile neno la baba yake latosha. Alisema tu, "Kabla ya bei, ujue ng'ombe huyu ana aibu. Ni jioni, wakati wa kukamuliwa."

Mzee akacheka mpaka macho yakajaa machozi. Alikuwa Mkipsigis, na b yake ilikuwa inateleza kwenda p. "Aipu! Aipu si ni ya wasichana, Kogo? Ng'ompe ya aipu ni nzuri, haiwezi kurusha mateke. Nitaikamua nikiangalia kando."

Alimwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha ya kwao, na kwa heshima ile nyanya akadhani ameelewa na amekubali kwa utani, kama wanaume wanavyokubali mambo yanayowatisha. Wakapatana bei, pesa zikatolewa, ng'ombe akafungwa kamba mpya. Alipofika kwenye lango aligeuza masikio kuelekea chai ya chini. Ilikuwa mchana, jua kali, hakukuwa na kitu cha kusikia. Nyanya aliingia ndani kabla ng'ombe hajapotea kwenye kona.

Jioni ile tuliketi jikoni bila kazi ya mikono. Hakuna mluzi. Jirani akaja kuomba moto, akasimuliwa biashara ilivyokwenda, akaangua kicheko. "Ulimwambia iko na aibu? Ati inaona haya? Aki Mama, hiyo ni sifa, si kasoro. Leo umejifunza kuuza."

Nyanya aliinua uso. Aliuliza, "Kwani aibu kwenu ni haya tu?" Jirani akasema ndiyo, kwani kuna nyingine? Nyanya akainuka, akazitoa pesa zilizokuwa tayari kwenye bahasha ya shangazi, akazifunga kwenye pindo la leso. Alisema hazijawa zetu bado.

Asubuhi tulitembea hadi Boito, mimi na yeye. Ukungu ulikuwa haujapanda, na wachumaji walikuwa wameanza kazi, vichwa na vikapu bila miili. Njiani nilimwona nyanya akichezesha midomo nikadhani anasoma dua, lakini niliposogea nikasikia anajizoeza maneno ya kumwambia yule mzee.

Tulikaribishwa kwa mursik, maziwa ya kibuyu yenye rangi ya majivu, na nyanya akanywa kwa adabu. Kisha akafungua leso na kuweka pesa mezani. Alisema, "Jana ulinunua kitu usichokijua. Kosa si lako, ni la neno langu." Akaeleza yote. Mke wa mzee aliinuka polepole akasimama mlangoni, akitazama nje kwenye chai yao.

Mzee aliigeuzageuza kofia yake mkononi. "Nilifikiri ni mtoto wa jirani," alisema mwishowe. "Jana jioni, chini huko. Ng'ompe ikageuza masikio. Ikatoa maziwa mpaka nikaitisha ndoo ingine."

Nyanya aliweka mikono yake miwili juu ya magoti.

"Una hiari ya kumrudisha," alisema. "Hiyo ni haki yako katika dini yetu, na hakuna atakayekulaumu. Pesa zako ni hizo, sijazigusa."

"Nimesikia, Kogo."

"Mkeo ameogopa. Mrudishe tu. Nitampeleka mimi mwenyewe, hata leo."

"Ameogopa kidogo. Atazoea."

"Huenda kesho maziwa yasitoke. Mrudishe, baba."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba haombi kwa ajili ya mzee. Nyanya yangu, ambaye sikuwahi kumwona akiomba kitu kwa mtu, alikuwa anaomba ng'ombe yule kwa kila neno ambalo sheria ilimruhusu, na maneno yalikuwa yanamwishia.

Mzee alimsukumia pesa taratibu. "Mimi ninaijua sasa, na ninaitaka hivyo hivyo," alisema. "Hiyo mtu ya mluzi amekuja kwangu kwa amani. Nitamfukuza nikimwambia nini? Hii maneno imeisha, Kogo."

Nyanya alisema kwamba biashara ni kuridhiana, na sasa imetimia. Alizichukua pesa. Sauti yake ilikuwa sawa, ila mkono ulikosa pindo la leso, nikamfungia mimi.

Njiani kurudi jua lilikuwa limetoka na kila kitu kilikuwa wazi, hata huwezi kuamini kwamba mahali pale paliwahi kutisha. Tulipofika karibu na kwetu alisimama kana kwamba anapumzika.

"Nilidhani ananijia mimi," alisema.

Kisha tukaendelea. Shangazi alipata haki yake, akafungua meza ya mboga, watoto wakasoma. Nyanya aliishi miaka mingi baada ya hapo na aliendelea kufurisha vikombe kwenye lile dirisha, lakini ile leso ya zambarau sikuiona tena mwilini mwake. Alizikwa Kericho. Sijui kama ni karibu na babu, makaburi yale yamejaa.

Leo upande wa shamba kubwa chai inachumwa kwa mashine, na mashine haina kichwa cha kuelea kwenye ukungu. Jirani alirudi kwao Kisii. Mahali pa nyumba yetu kuna jengo la vyumba vya kupangisha. Kijana aliyenionyesha chumba kimoja aliniambia hakina neno lolote, na wakati anasema hivyo alikuwa amesimama mbele ya ukuta uliolowa. Nikamuuliza kuhusu yule mzee wa Boito. Hakumjua.

Nilibaki hadi jioni. Ukungu ulishuka kama zamani, vyura wakaimba, na mimi nikasimama nikiutazama upande ule usio na njia. Vyura hawakunyamaza hata kidogo. Nilikaa pale hadi baridi ikaingia kwenye mifupa, mtu mzima mwenye watoto, na nilitamani sana kuogopa.