Regyuleta Aliyehamia Mtungini

Jumapili baada ya ibada ya Kiswahili huko New Hope, ughaibuni, tuliletewa mzee mmoja mwenye tabasamu la kampeni. Alisema kwamba katika jimbo jirani wananchi walimchagua miaka mingi awe regyuleta wa umeme na gesi, yaani mtu wa kuzuia kampuni zisipandishe bei ovyo. Sasa amestaafu, ni mshauri wa kampuni ya gesi, na aliomba tuinue mikono kuunga mkono bei mpya ya juu.

Mchungaji aliinua wake kwanza. Mama mmoja anayemuuguza mumewe nyumbani, asiyethubutu kuzima hita hata usiku mmoja, alikunja yake.

"Mchungaji, kule kwetu Nakuru regyuleta hukaa wapi?"

"Kati ya mtungi wa gesi na jiko, mama, ikizuia gesi isitoke ovyo."

"Basi hebu muulize huyu amehamia upande gani."

Mchungaji akatafsiri. Mgeni akacheka, akasema yeye ni rafiki wa wote, kisha akatazama saa.

Refa akistaafu leo na kesho akavaa jezi ya timu aliyokuwa akiichezesha, mimi huanza kuzitilia shaka mechi zake zote za zamani.

"Nasikia harufu ya gesi," mama akasema, akaenda kufungua dirisha. Theluji iliingia hadi mezani. Hakuna aliyemwambia afunge, na mkono wa mchungaji ulikuwa umeshuka taratibu, ukijifanya unakuna sikio.