Macho ya Mama, Tumbo la Baba

Mama yangu aliniharibia ruhusa mbili za kazi kabla hajakubali kupasuliwa macho. Nafundisha shule ya msingi hapa Arua, na mwalimu mkuu wetu hatoi ruhusa mara mbili kwa sababu moja bila kukutazama juu ya miwani. Mama aliishi Koboko na baba, askari mstaafu. Macho ya Mama yalikuwa yameingia ukungu miaka kadhaa. Daktari alituambia ni mtoto wa jicho, jambo la asubuhi moja tu. Mama akamshukuru kwa adabu, akajitanda shuka lake, na tulipofika nje akaniuliza, "Sasa baba yako atakula nini?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Kwenye harusi ya mdogo wangu aliondoka kabla ya biharusi kutolewa, kwa sababu ya chakula cha baba. Nilipojifungua mara ya kwanza, alikuja kwangu Onduparaka, pembeni mwa mji wa Arua, kunilea siku arobaini. Alikaa nne. Alikuwa ametuaminisha sisi watoto wake wote kwamba tumbo la mzee halipokei chakula cha mkono mwingine. Hatukuwahi kumuuliza mzee mwenyewe. Nani angemuuliza?

Mara ya kwanza nilimwomba shangazi, dada wa baba, aje apike. Akakubali. Siku ya operesheni nilisimama kituoni mpaka jua likawa kali, Mama hakushuka kwenye gari lolote. Nilipopiga simu aliniambia shangazi anatia mafuta mengi.

Mara ya pili alikuja kweli, akalala kwangu. Asubuhi nilipoenda kumwamsha nikakuta mkeka umekunjwa. Nikapiga simu. Alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kurudi.

"Baba yako alipiga simu," akasema. "Hakuona chumvi."

"Mama, si ungemwambia iko wapi?"

"Nilimwambia. Chumvi iko nyuma ya mafuta. Lakini yeye akitazama, anaona mafuta tu."

Nilikaa kitandani na simu mkononi, nimeshavaa nguo za kwenda hospitali. Mtu mwenye macho mazima haoni chumvi, kwa hiyo yule asiyeona apande gari akamwonyeshe. Nilimwambia mume wangu kwamba mimi nimeosha mikono.

Sikuosha. Baada ya miezi michache Mama alimimina uji wa moto akidhani bakuli liko pale, ukamwagikia mguu. Mdogo wangu ndiye aliyenipa habari. Mama mwenyewe alisema ni kitu kidogo. Kidonda kilipokauka, sikumwomba tena. Mimi na mume wangu tulikwenda Koboko asubuhi, nikampita Mama mlangoni nikaenda moja kwa moja kwa baba.

"Mzee, vaa viatu. Unakwenda Arua na mama."

Hakuuliza hata kwa nini. Akatafuta kofia yake. Mama alisimama katikati ya nyumba akitafuta sababu nyingine, kisha akatafuta shuka lake.

Tulimwacha Mama hospitalini. Mchana baba alikula kwangu. Binti yangu, wakati huo yuko sekondari, alikuwa amepika maharagwe na ugali wa muhogo, na maharagwe yalikuwa yameshika chini. Nilitaka kumwomba mzee radhi, lakini alikuwa ameshaanza. Alimaliza, akasogeza sahani mbele. Akaongezwa. Jioni akala tena, akauliza kama yale ya mchana yamebaki.

Kesho yake Mama alikuwa amekaa kitandani, macho yamefungwa bandeji. Mtu mwenye busara angenyamaza.

"Mama, mzee amekula."

"Amekula nini?"

"Maharagwe. Sahani mbili. Mjukuu wako alipika, tena yaliungua."

Akageuza uso upande ambao alisikia baba akikohoa. "Ni kweli?"

"Kweli," baba akasema.

"Tumbo halikuuma?"

"Hapana uma." Alikuwa akizungushazungusha kofia mapajani. "Mimi nilisema lini siwezi kula? Ni wewe ulisema, mbele ya mama yangu, wakati ulikuja nyumbani mara ya kwanza. Mimi nikanyamaza. Nilifikiri unapenda."

Nilitoka nikasimama kwenye baraza la wodi. Nilihesabu harusi, matanga, watoto wangu watatu ambao hakuwaogesha inavyostahili. Kati ya Mama na baba hakuna aliyeniomba msamaha, na sidhani waliona kuna la kuombea.

Bandeji zilipotolewa, Mama alimtazama muuguzi, kisha mimi. "Umekonda," akaniambia. Halafu akamgeukia baba.

"Umezeeka."

"Na wewe usikimbilie kioo," baba akajibu.

Mama akainama karibu. Shavu la mzee lilikuwa na mabaka ya ndevu na mikwaruzo ya wembe. "Nani alikunyoa vibaya hivi?"

"Si wewe."

"Si mimi nini?"

"Ni wewe, nasema. Nani mwingine iko nyumbani?"

Muuguzi alicheka mpaka akaweka sinia chini. Mama hakucheka. Aliomba wembe.

Nilidhani sasa atakaa kwangu wiki mbili apumzike, maana ile hoja yake ilikuwa imekufa. Alikaa siku mbili, na zote alizitumia kusugua sufuria zangu kwa mchanga, akiniuliza kama kweli humo ndimo napikia watu. Kisha akarudi Koboko. Alipaka chokaa nyumba nzima. Akaanza tena kusuka vifuniko vya chakula, vile vya nyuzi za rangi, kazi aliyokuwa ameiacha aliposhindwa kutofautisha nyekundu na kahawia. Kila mjukuu wa kike alipata chake.

Miaka mitatu baadaye homa ilimchukua. Aliificha siku nne, kwa sababu baba alikuwa na mafua. Mafua. Tulipofika Koboko alikuwa hawezi kusimama, na hospitali haikuwa na la kufanya. Matangani wanawake waliniambia alikuwa mke mwema, amekufa katika kumtumikia mumewe, pepo yake iko wazi. Nikaitikia amina kila mara. Mwezi mzima nilitengeneza kichwani maneno ya kumgombeza Mama.

Binti yangu yuko chuoni sasa. Kifuniko chake amekitundika ukutani juu ya kitanda. Nimemwambia kimesukwa kufunikia chakula, si kupambia chumba. Ananijibu nikiache. Ukingo wake umepinda upande mmoja, na uzi wa kijani unaning'inia. Nilikuwepo siku Mama alipokuwa akikisuka. Baba aliita kutoka chumbani, Mama akainuka kabla ya kuufunga.