Slaidi ya Mafunjo

Sina faida ya kukudanganya. Aliyekufa ni mdogo wangu Owino, na bega lililoguswa ni hili langu la kushoto.

Boti yake ilipinduka ziwani, karibu na Luanda Kotieno. Tulimtafuta siku tano. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi studio ya picha mjini Kisumu, na nilikuwa nimepewa kazi kubwa. Okestra ya wageni ilikuwa inakuja kupiga muziki unaohusu maji, nami nitengeneze slaidi za ziwa, zimulikwe kwenye kitambaa cheupe nyuma yao, zikibadilika pamoja na muziki. Siku ya tano nilibeba kamera. Nilipiga picha mafunjo yale yale tuliyokuwa tunapekua, Mama akilia kando yangu. Mwanga ulikuwa mzuri. Naona aibu kusema hivyo, lakini ulikuwa mzuri.

"Mama, tuache sasa," nikamwambia. "Tuzike yago."

Yago ni tunda refu la mti, ambalo sisi huzika badala ya mwili usiopatikana.

"Haraka hii ni ya nani? Yako ama yake?"

Tulizika tunda.

Siku ya onyesho, saa tisa mchana, mapazia meusi yalifungwa ukumbini. Mimi sijui kusoma muziki. Msimamizi wa okestra akaniambia, "Usiogope, Bwana. Naleta mtu akae nyuma yako. Akikugusa bega, badilisha."

Taa zikazimwa. Nikasikia kiti cha nyuma kikilia. Muziki ukaanza, nikaguswa, nikabadilisha. Amini usiamini, hakukosea hata mara moja. Fidla zikipanda, mawimbi yanapanda. Nilijiona fundi kweli. Mkono ulikuwa na unyevu, nikadhani ni jasho.

Ikafika slaidi ya mafunjo. Mkono ukatua begani na haukutoka. Ukakandamiza. Unajua slaidi ikikaa sana mbele ya taa ya projekta inaungua? Nilitaka kubonyeza, kidole changu kikakataa. Ndipo nikahesabu vile vya begani: gumba, na vidole vitatu tu. Kimoja cha Owino kilikatwa na kamba ya nyavu.

"Umechoka kunitafuta, omera?"

Omera, yaani ndugu, ndivyo alivyoniita siku zote, na sauti ni yake ile ile ya utani. Kwenye kitambaa, tundu likafunguka katikati ya mafunjo, kushoto kwa jiwe moja, likakua. Watu wakapiga makofi. Walidhani nimepanga hivyo.

Taa zilipowaka, kiti kilikuwa kitupu, kimelowa. Msimamizi akaja mbio. "Nisamehe, Bwana, mtu wangu alishikwa na tumbo, hakufika. Lakini uliwezaje?"

Shati langu lilinuka ziwa.

Slaidi ninayo hadi leo, na tundu lake. Nilijua linanionyesha alipo Owino. Je, nilienda? Niliogopa, wiki tatu nzima. Nilipofika, gugu maji lilikuwa limefunika ufuo wote, kijani hadi mwisho wa macho. Hata lile jiwe sikuliona.

Mama alikufa akiniuliza kama nilirudi kutafuta. Bega hili halijapata joto tena, hata juani. Stima ikipotea na giza kuingia, popote nilipo, gumba na vidole vitatu vinatua, vinangoja.

Kwa hivyo wewe mwenye mtu wako majini, mtafute. Kazi yako itapata mtu mwingine. Yeye hana mwingine.