Namba ya Siku Ile

Kisiwani Tarase watu walijua bei ya petroli imebadilika walipomwona Bi Hatsuyo Matsugae juu ya ngazi. Kituo chake kilikuwa cha pekee kisiwa kizima: pampu mbili, kibanda cha vioo, na nguzo ya chuma kando ya barabara ya bandarini ambako zilining'inia namba tatu za bati. Akipanda na bati kwapani, kila aliyepita na kigari chake cha mizigo alipunguza mwendo, akachungulia, akaguna. Asiyeguna alikuwa hana gari.

Sasa ilikuwa imetimia miaka mitatu na mwezi mmoja hajaonekana juu ya ngazi. Nguzoni palisomeka 189, yaani yen kwa lita moja, na namba zile zilikuwa zimeanza kutoa machozi ya kutu.

Watu walimsifu. Karani wa ushirika wa wavuvi alisema mbele za watu kwamba ng'ambo, bara, bei inapanda kila mwezi lakini Bi Hatsuyo ana moyo, amekataa kuwaumiza wenzake. Hatsuyo aliinamisha kichwa kama apokeaye shukrani, kumbe alikuwa anakwepa macho ya msemaji. Moyo haukuhusika. Alikuwa anaiogopa ngazi.

Alizaliwa upande wa pili wa kisiwa, binti wa mkausha ngisi, akaolewa hapo kituoni akiwa na miaka ishirini na miwili. Baba mkwe wake, aliyeyachimbia matangi kwa mikono yake, alimfundisha kazi kwa maneno machache. "Mafuta ni yaleyale ya ng'ambo," alimwambia. "Sisi tunachouza ni maji ya katikati."

Alichosema kilikuwa kweli tupu. Petroli hairuhusiwi kupanda meli moja na abiria. Kwa hiyo kila Jumanne feri hufanya safari moja bila watu: lori la tangi chini, dereva wake, na mabaharia wachache. Juu, viti mia mbili husafiri vitupu, na nauli yake lazima ilipwe na mtu. Hugawanywa ndani ya lita. Na lita zenyewe ni chache, kwa kuwa Tarase ina watu mia sita na vigari vidogo vinavyokunywa kama ndege. Ng'ambo, kwenye barabara kuu itokayo bandarini, vituo vinne vinatazamana uso kwa uso. Kimoja kikipunguza yen moja asubuhi, kufika chakula cha mchana vyote vimepunguza, kwa sababu kila kimoja huuza kwa siku moja anachouza Hatsuyo kwa mwezi. Hatsuyo hakuwa na wa kutazamana naye ila bahari.

Fumie Kuwahara, waliyesoma naye darasa moja tangu utoto, ndiye aliyekuwa akiielewa hesabu hiyo kuliko wote, na aliifanyia mzaha. "Kumbe mimi nawalipia mizimu nauli," alisema kila Jumanne alipoiona feri ikiingia na madirisha yake matupu. "Angalau mmoja angeshuka akanisalimia."

Tangu Fumie afariki, Hatsuyo alikwenda gatini Jumanne kupokea lori na hakuthubutu kuinua macho kwenye yale madirisha.

Mambo yalianza Januari ya miaka mitatu nyuma. Hatsuyo alikuwa juu ya ngazi, akitoa 183 na kuweka 189. Tetsuji, mumewe Fumie, fundi wa barabara aliyestaafu, alisimama chini yake mikono kiunoni. Yeye na marehemu mume wa Hatsuyo walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

"Shemeji," alisema, "ukizidi kupanda hivyo utakutana na mumeo."

"Nikimkuta nitamwambia rafiki yake amekuwa bahili kuliko alivyomwacha."

Fumie alicheka ndani ya kigari. "Mwambie, dada. Huyu hata majani ya chai anayaanika ayachemshe tena."

"Ng'ambo ni mia hamsini na tano," Tetsuji aling'ang'ania. "Tofauti yote hiyo mnaila na nani?"

Na Hatsuyo, akiwa na bati la namba 9 mkononi, akasema, "Ukiona kwangu ghali, ogelea ukachukue ng'ambo."

Wote watatu walicheka. Fumie ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwani.

Wiki iliyofuata Tetsuji alivuka kwenda kupimwa macho hospitalini. Huko mpwa wake alijaza gari lake, wakafyonza petroli kwa mpira na kuitia katika madumu mawili ya plastiki ya buluu, yale ambayo kila nyumba kisiwani huwekea mafuta ya taa. Wakayafunga kwa vitambaa kama zawadi, na Tetsuji akapanda nayo feri ya abiria. Nyumbani aliyaweka pale mlangoni viatu vinapovuliwa, kando ya dumu la mafuta ya taa. Akatoka kwenda kumtafuta mtu wa kumsaidia kuyabeba hadi bandani.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni na baridi ilikuwa imeshika. Fumie alitaka chumba kiwe na joto mumewe akirudi. Alichukua dumu la buluu, akajaza hita ya mafuta ya taa, akaiwasha.

Helikopta ilimchukua. Aliishi siku tisa. Tetsuji, aliyeingia motoni kumtoa, aliungua mikono yote miwili, na vidole vya mkono wa kulia havikufunga tena. Kwenye mazishi alimwinamia Hatsuyo, Hatsuyo naye akamwinamia, na hakuna aliyesema lolote zaidi ya maneno yasemwayo siku hizo.

Lakini Hatsuyo alipiga hesabu. Lita thelathini na sita, yen thelathini na nne kila lita. Faida yote ya safari ile isingenunua jozi ya viatu vya mpira.

Miezi miwili baadaye bei ya jumla ilipanda. Alitoa ngazi, akaiegemeza nguzoni, akaweka mguu kipandio cha kwanza. Nyuma yake, upande wa barabara, mtu akacheka. Kilikuwa kile kicheko cha kujifuta macho. Hatsuyo aligeuka. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu mpaka gatini, na upepo ulikuwa unasukuma mfuko wa plastiki. Akairudisha ngazi stoo.

Baada ya hapo hakuhitaji kicheko. Ilitosha kuitazama nguzo, na sauti yake mwenyewe ikasema tena, wazi, kwa furaha: ogelea ukachukue ng'ambo. Aliisikia alipokuwa akifuta vioo vya magari. Aliisikia alipokuwa akiosha mchele. Wakati mwingine, kwenye pembe ya uwanja penye mpira wa upepo wa matairi, palikuwa na mtu amesimama amebeba kitu kizito mkono mmoja, bega limeshuka, akingoja zamu yake. Hatsuyo akitoka kibandani, pakawa na mpira tu uliojiviringisha.

Basi bei ikabaki. Alinunua ghali akauza rahisi, na shimo alilijaza kwa pesa ya bima ya mumewe. Alijiambia kwamba kwa 189 hakuna atakayebeba dumu tena. Alijiambia pia, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba Tetsuji anaona. Kila Alhamisi Tetsuji alikuja kununua lita kumi. Hatsuyo alimfungulia kifuniko cha tangi kwa ajili ya mkono ule, wakazungumza habari za mvua na viazi vitamu, na mzee aliondoka bila hata mara moja kuinua uso kuitazama nguzo. Hatsuyo aliona hiyo ndiyo amani anayomnunulia.

Februari hii, Shiraishi, dereva wa lori la tangi, alimaliza kushusha mafuta lakini hakupanda lori lake. Alisimama akikunja glavu.

"Mama," alisema, "mimi naleta tu, si kazi yangu kusema. Lakini nasoma karatasi ninazoleta, na nasoma ile nguzo yako."

"Unasoma sana."

"Utafunga lini?"

"Nani kasema nafunga?"

"Hesabu. Matangi yako ya chini yamezeeka, mwakani lazima yabadilishwe, na wewe unatoa pesa mfukoni kila lita. Ukifunga, mimi nitapata njia nyingine. Lakini hawa watu?" Alionyesha mlima na kidevu, pale nyumba zilipopangana. "Hakuna kituo, hakuna lori. Watafanya nini? Watabeba, mama. Kila mmoja na dumu lake."

Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kisha akaenda kuiwahi meli yake tupu.

Hatsuyo alibaki uwanjani. Aliutazama mlima, na kwa mara ya kwanza aliona milango. Nyumba mia mbili na zaidi, na mlangoni mwa kila moja, pale viatu vinapovuliwa, madumu ya buluu yakiwa yamepangwa mawili mawili, yote yamefanana. Na ndani, katika kila nyumba, mwanamke anaona baridi.

Alikwenda stoo.

Alikuwa kipandio cha tatu, na 2 na 1 na 4 zikiwa kwapani, kigari cheupe kilipoingia uwanjani. Haikuwa Alhamisi. Tetsuji alishuka polepole, akaja akasimama chini ya ngazi. Safari hii aliinua uso.

"Hatimaye," alisema.

Hatsuyo alishindwa kupanda na kushuka. "Nisamehe, shemeji. Imenilazimu."

"Bei yenyewe ni ngapi? Ile ya kweli."

"Mia mbili kumi na nne."

"Na mwaka jana ilikuwa zaidi ya hii ya nguzoni?"

"Ilikuwa."

"Na mwaka juzi."

"Ilikuwa."

Tetsuji aliuweka mkono wake usiofunga kwenye ubavu wa ngazi. Ngozi yake ilikuwa laini na ya kung'aa kama karatasi iliyoloa ikakauka.

"Nilidhani umesahau kuitoa namba hiyo," alisema. "Baadaye nikadhani umefanya makusudi. Miaka mitatu ninapita hapa kwenda shamba, kwenda posta, kwenda kaburini. Mia themanini na tisa. Nafumba macho kwenye kona naendesha gari nimeyafumba. Siku moja nusura niingie mtaroni. Wenzangu mtu wao akifa, kalenda inasogea. Mimi wangu anakufa kila nikipita barabarani, kwa sababu umeniandikia juu."

"Nilikuwa nakuhurumia," Hatsuyo alisema.

"Ndivyo ilivyo?" Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeelezwa njia ambayo tayari ameikosa. "Hukuniuliza."

Upepo ulizigonga namba. Hatsuyo aliona kwamba ikiwa hatasema sasa, hatasema tena mpaka mmoja wao azikwe.

"Mimi ndiye niliyekuambia uogelee ukachukue ng'ambo. Siku ile. Nikiwa hapahapa."

Tetsuji alikunja uso. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta kitu kwenye kabati la mtu mwingine.

"Hayo sikumbuki," alisema.

"Ulicheka. Fumie alicheka."

"Fumie alicheka kila kitu." Akaangalia viatu vyake. "Sikumbuki, shemeji. Nakumbuka namba tu."

Hatsuyo hakujua kama alisema kweli au alimpa zawadi, na alielewa kwamba hatajua kamwe. Sentensi ile aliyoishi nayo miaka mitatu, aliyoila na kuilalia, huenda haikuwahi kuishi mahali pengine popote duniani ila kichwani mwake. Hilo halikumpunguzia kitu. Lilimwacha peke yake nayo.

"Zitoe," alisema Tetsuji. "Nimekushikia."

Alipanda. Kulabu zilikuwa zimeshikana kwa kutu na ilimbidi azigonge kwa kiganja. Alilishusha bati la kwanza, la pili, la tatu, na kila moja Tetsuji alilipokea kwa mkono wa kushoto na kuliegemeza ukutani kifudifudi. Kwa dakika moja hivi nguzo ilikuwa haina kitu, na nyuma yake ilionekana bahari. Kisha Hatsuyo akaning'iniza 214. Hakuna aliyecheka barabarani. Alijikuta akisikiliza.

Tetsuji aliweka lita kumi kwa bei mpya, akaondoka kuelekea posta.

Kabla ya adhuhuri akaja mke wa kasisi wa hekalu, mwanamke mwenye ulimi mwepesi. Alisoma nguzo kabla hata ya kuzima injini.

"Bi Hatsuyo. Yen ishirini na tano kwa mkupuo? Sasa umeamua kutuua."

Lilikuwa neno la kawaida, la kila siku. Zamani Hatsuyo angelidaka na kulirudisha likiwa limenolewa, na wote wangecheka. Sasa alikuwa na jibu tayari mdomoni, zuri, la kuchekesha. Alilimeza.

"Ni ghali," alisema. "Najua ni ghali. Nikujazie?"

Mama yule alimtazama kwa mshangao, kisha akaitikia kwa kichwa. Hatsuyo aliingiza bomba, akalishika kwa mikono yote miwili, akasimama hapo akizitazama lita zikihesabika, mpaka pampu ikajikata yenyewe.