Mama Vichupa na Wachangiaji Watano

Mama Vichupa alikuwa na mkono wa kulea, hilo hata wasiompenda walikubali. Miaka ishirini na tisa alikuza seli za kinga katika maabara ile, akizisemesha kama watoto wake: "Kuleni basi, msinitie aibu." Ukifungua kabati la joto bila sababu alikupa za uso, ukome.

Mtu mmoja tu hakuonja ukali huo, naye ni binti mtafiti wa ghorofa ya pili. Alimpenda, tusizungushe maneno. Binti alichukua virusi vya Ukimwi vilivyolemazwa visiweze kuzaliana, akabadilisha jeni moja tu, ile inayotengeneza gamba la nje. Kisha akapima gamba lipi linaingia kwenye zile seli kubwa za kinga zinazomeza wadudu, na lipi linabaki mlangoni. Gamba la tatu liliingia bila kubisha hodi. Lakini seli hizo hukuzwa kutoka kwenye damu, na za watu hutofautiana, kwa hiyo alihitaji damu ya wachangiaji watano.

Watano! Walikuja wawili, waliobaki wakaingia mitini. Mama Vichupa alipoona binti anakonda kwa mawazo, alikunja mkono wa blauzi, akamwomba shoga yake muuguzi amtoe damu. Alifanya hivyo mara tatu, kwa miezi mitatu, na kila mara akabandika namba ya mchangiaji mpya kwenye chupa. Alijiambia damu ni damu. Mtu wa kazi hiyo miaka yote, eti damu ni damu! Mapenzi yalimziba macho, basi.

Wiki tatu kabla ya binti kutetea tasnifu yake, Mama Vichupa alimkuta amekaa sakafuni kando ya jokofu, macho yamevimba. Majibu ya mchangiaji wa tatu, wa nne na wa tano yalifanana mno. Binti aliamini amechanganya chupa kwa uzembe wake mwenyewe, na barua ya kujiondoa masomoni ilikuwa tayari mfukoni.

Mama Vichupa alielewa papo hapo: ni zile chupa zake. Alibakiza miezi sita astaafu kwa heshima, na akinyamaza nani angejua? Alipiga moyo konde, akamshika binti mkono, wakapanda hadi kwa mkuu wa maabara.

"Zile chupa tatu ni damu yangu mimi," alisema. "Huyu mwanangu hajakosea kitu."

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwondoa kwenye seli siku ileile na kumpeleka chumba cha kuosha vyombo. Utetezi wa tasnifu ukasogezwa miezi minne. Binti alitoka bila kumtazama Mama Vichupa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Siku tisa alisugua vyombo peke yake. Siku ya kumi binti akaingia, akavuta kiti, akakaa. Alimwambia wazi kwamba alikasirika na bado amekasirika. Alimweleza pia kwamba wale wawili wa mwanzo bado wapo, na wengine wawili amewapata kwa kuwafuata mpaka majumbani kwao. Mama Vichupa alijifuta povu, hajui atazame wapi.

Binti aliweka fomu ya mchangiaji mezani, na kalamu juu yake.

"Nimebakiza mmoja," alisema. "Kunja mkono, mama. Ila safari hii uandike jina lako."